Gari Lililowaka Wiki Tatu Baada ya Ajali

Wasee, kuna gari linaninyima usingizi huku Nyeri. Ni Nissan Leaf, ubavu wa kulia umeingia ndani hadi kwenye kiti cha dere. Mjomba wangu ni fundi pale Skuta, na alilinunua bei ya kutupa baada ya kugongwa upande wa Karatina. Hana haja ya kulirudisha barabarani. Anataka betri tu. Aifungue, atoe seli, aziunganishe na sola ya shosho kule Othaya. Hesabu yake si mbaya. Leaf za kwanza zilitoka na betri ya kilowati-saa 24, seli 192 zimepangwa chini ya sakafu. Hata kama imechoka nusu, hiyo ni taa na tivi ya shosho kwa siku kadhaa.

Shida ni pale alipoliegesha. Ni hatua moja kutoka ukuta wa mabati, na nyuma ya huo ukuta wanalala vijana wawili wanaojifunza kazi. Upande wa pili kuna mitungi ya gesi ya kuchomelea. Nikamuuliza, akacheka. "Hili liligongwa mwezi uliopita. Kama ni kuwaka, lingewaka siku ile ile barabarani."

Hayo maneno ndiyo yamenifanya niandike. Ni akili ya petroli, na si kosa lake, sote tumelelewa na petroli. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu wakakimbia na mitungi kuchota, moto ukashika, na zaidi ya 100 wakafa. Mwaka 2011 ikawa Sinai, Nairobi, mafuta ya bomba safari hii. Tulichojifunza (wale tuliojifunza, tuwe wakweli) ni kwamba hatari iko hapo hapo na saa hiyo hiyo. Kaa mbali mpaka mafuta yakauke. Baadaye gari linavutwa hadi stesheni ya polisi, linaota nyasi, mbuzi wanalala chini yake.

Hata sheria zetu maarufu zina akili hiyo. Mzee Michuki, mbunge wa Kangema hapo jirani na waziri wa uchukuzi wakati huo, alileta mishipi ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, zikaanza kubana matatu Februari 2004. Wazee huku bado wanamsifu, na mimi pia. Lakini zile kanuni zilihusu gari linalotembea. Gari likishakufa, nani alikuwa na wasiwasi nalo?

Sasa sikiza kilichotokea Marekani. Mei 2011 shirika la serikali la usalama barabarani, NHTSA, lilifanyia majaribio Chevrolet Volt, gari lenye betri kubwa na injini ya petroli pia. Waliligongesha ubavu kwenye mlingoti, kisha wakaligeuza juu chini kuona kama kuna kinachovuja, kama wafanyavyo siku zote. Halikuwaka. Wakaliegesha nje pamoja na magari mengine, wakaendelea na kazi zao. Wiki tatu baadaye likashika moto lenyewe, na kuchoma magari ya jirani.

Wiki tatu! Na hawa ndio watu ambao kazi yao ni kugonga magari.

Uchunguzi ulionyesha kwamba ule ugongaji ulikuwa umeumiza boksi la betri, na maji ya kupoza yakavuja ndani yake. Na umeme ulikuwa bado umo. Kwa gari la petroli, ukishamwaga tangi umemaliza. Hapa hakuna aliyemwaga umeme, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mazoea hayo. General Motors wakaimarisha fremu inayozunguka betri. Januari 2012 NHTSA wakafunga faili wakisema hawaoni kwamba magari ya umeme yana hatari ya moto kuliko ya petroli. Naliamini hilo, kwa hivyo usiende kumtisha jirani yako mwenye Leaf. Kilichobadilika ni saa ya hatari.

Ikatokea tena Machi 2018, Mountain View, California. Tesla Model X iligonga kizuizi cha barabara kuu, dereva akafa. Moto ulizimwa na gari likavutwa. Siku tano baadaye betri ikawaka tena ikiwa yadini. Seli moja iliyopondeka hupasha ya jirani, nayo ikapasha inayofuata, polepole, ndani ya boksi ambalo maji ya mpira hayafiki vizuri. Wachunguzi wa Marekani walipoandika ripoti mwaka 2020, walitaja miongozo inayosema gari la aina hiyo likae futi 50 kutoka kwa kingine chochote. Hizo ni kama mita 15. Wenye yadi walisema nafasi hiyo hawana.

Kama California hawana nafasi, fikiria stesheni zetu, magari yamebanana kama viazi kwenye gunia.

Na haya magari yanakuja. Mwaka 2019 serikali ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Leaf zetu nyingi zinatoka Japani zikiwa zimetumika, na stika za onyo ziko kwa Kijapani. Nimeziona kwa hili la mjomba. Zina rangi ya kutisha lakini hakuna anayejua zinasema nini.

Mjomba si mjinga. Anajua nyaya za rangi ya chungwa haziguswi. Nilipomsomea mwongozo wa waokoaji, alikuwa ameshachomoa ile plagi ya usalama iliyo sakafuni, na akasubiri zaidi ya zile dakika 10. Ila plagi ni kama kufunga mfereji. Tangi bado limejaa. Hilo ndilo lililomnyamazisha.

Jumamosi tukalisukuma, watu sita, gurudumu moja limekwama linaburuta matope. Tukalipeleka mwisho wa ploti, karibu na nepia ya jirani, nikahesabu hatua 15 kutoka kwa mabati na zingine kutoka kwa mitungi. Jirani ameshaanza kulalamika kwamba tumeziba njia ya ng'ombe wake. Betri mjomba amesema hafungui mpaka apate mtu aliyewahi kuifungua, na huyo bado tunamtafuta. Kama unamjua, niambie. Shosho naye anapiga simu kila jioni kuuliza umeme wake umefika wapi.

Leo asubuhi nilienda kuliangalia kabla ya chai. Hakuna moshi, hakuna harufu. Lilikuwa limelowa umande.