Ukurasa wa Shukrani

Tasnifu yangu ya mwaka wa tatu ina jalada la bluu na ukurasa wa shukrani wenye aya tatu. Nimemshukuru Mungu, wazazi, msimamizi wangu, wakutubi, na washkaji niliolala nao chumba kimoja Mabibo Hosteli. Kuli hajatajwa hata mmoja. Na tasnifu yenyewe inahusu makuli wa bandari ya Dar es Salaam na mgomo wao wa mwaka 1947.

Nimeikuta wiki iliyopita nikihama nyumba. Nikakaa chini kwenye maboksi, nikaisoma mpaka giza likaingia. Wasomaji wa blogu hii wengi mmepita chuo, kwa hiyo mnajua ile aibu ya kusoma kitu ulichoandika ukiwa na miaka 23 na kujiona umemaliza dunia. Lakini aibu yangu safari hii haikuwa ya sarufi.

Turudi nyuma kidogo. Ilikuwa 2013, muhula wa mwisho. Mama aliugua, bumu nililopata likaenda lote nyumbani, nami nikabaki na nauli ya daladala na tasnifu isiyo na hela ya kuchapwa wala kujalidiwa. Mchana nilikuwa Nyaraka za Taifa pale Upanga, au kwenye maktaba ya Mlimani, nikinakili ripoti za maofisa wa kikoloni. Usiku, mara tatu au nne kwa wiki, nilishuka Kariakoo kupakua makontena.

Makontena yanatoka bandarini, yanafika Mtaa wa Narung'ombe usiku maduka yakishafungwa. Mnasimama kundi. Nyapara anawatazama, anaonyesha kidole: wewe, wewe, na wewe. Wengine warudi kesho. Ukichaguliwa, unakunja ngata yako, unaingia kwenye kontena lenye joto kama tanuri, unatoka na boksi la vigae au belo la mitumba. Likiisha, hela inagawanywa kwa vichwa. Ukiumia mgongo, hiyo ni shauri yako.

Chuoni hakuna aliyejua. Niliwaambia wenzangu nakwenda kwa shangazi Ilala. Kule Kariakoo nako hawakujua kwamba nasoma. Mzee mmoja tuliyekuwa tunamwita Babu aliniuliza, "Wewe mwanangu mbona unashika boksi kama unashika daftari?" Wakacheka wote. Nikacheka nao. Sikujibu.

Sasa tazama mkasa huu. Mchana nilikuwa nasoma kwamba kabla ya 1947 makuli wengi bandarini walikuwa vibarua wa kutwa. Meli ikichelewa, hakuna kazi. Meli ikifika, wanakusanyika watu wengi kuliko kazi yenyewe, na mwajiri anachagua. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepandisha bei za vyakula na nguo, mishahara ikabaki nyuma. Walikwishagoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943. Septemba 1947 wakagoma mara ya tatu, na safari hii moto haukubaki gatini. Wafanyakazi wa reli waliingia, mgomo ukapanda na Reli ya Kati kwenda bara, serikali ikajikuta na mgomo wa nchi badala ya mgomo wa bandari. Mwisho wake mishahara ikapanda, na makuli wakapata chama chao. Mwaka 1948 katibu wa chama hicho alikuwa Abdulwahid Sykes, kijana aliyerudi kutoka vitani Burma. Mwaka 1950 mgomo mwingine uliishia kwenye vurugu na chama kikafutwa. Lakini tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipozaliwa, Sykes alikuwa miongoni mwa waasisi.

Ripoti za maofisa zilikuwa na swali moja linalojirudia: watu wasio na kazi ya kudumu wanawezaje kugoma kwa mshikamano kiasi hiki? Maofisa walitafuta wachochezi. Mimi jibu nililipata Narung'ombe. Usiku mmoja nyapara alitaka kupunguza hela baada ya kazi kuwa imefika nusu. Hakuna aliyetoa hotuba. Babu alivua ngata, akaiweka chini, akakaa juu yake. Wa pili akakaa. Ndani ya dakika tano tulikuwa tumekaa wote, kontena liko wazi, mwenye mali anatokwa jasho. Hela ikarudi palepale ilipokuwa.

Kibarua hana mkataba, ndiyo maana bosi anamfukuza bila barua. Lakini jambo hilohilo linamfunga na bosi: kuli asiye na mkataba hana ahadi anayoivunja. Hagomi, haji tu. Na mzigo wa bandarini haungoji. Meli inayokaa gatini inakula hela ya mwenye meli kila siku. Si ajabu kwamba katika miaka iliyofuata mkazo ukawa kuwasajili makuli na kuwapa namba: wachache, wanaolipwa vizuri zaidi, na wanaojulikana.

Hoja hiyo imo kwenye tasnifu, sura ya tatu. Ndiyo hoja pekee humo ambayo leo naweza kuitetea bila kuona haya. Na nimeiandika kana kwamba niliipata kwenye jalada la serikali. Siku ya kuwasilisha, mwalimu mmoja aliuliza, kwa wema kabisa, nimeelewaje jinsi kundi la vibarua linavyokubaliana bila kiongozi. Nikasema, "Kwa kulinganisha vyanzo." Wenzangu wakapiga makofi.

Kwa nini nilificha? Nimelifikiria swali hili, na nadhani jibu lake ni la zamani kuliko mimi.

Kariakoo yenyewe jina lake ni la wabeba mizigo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, pale walikaa watu wa Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa chakula na risasi za jeshi, na ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Neno la Kiingereza likapita kwenye ndimi za wenyeji, likatoka Kariakoo. Kwenye Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 maandishi yanawataja wapagazi hao, lakini aliyesimama juu na bunduki ni askari.

Sasa, hatua chache kutoka hapo, Mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, ndiko chuo kikuu chetu kilikoanzia Oktoba 1961, na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Yaani msomi wa kwanza wa chuo hicho akitoka darasani alikuwa anapishana na kuli barabarani. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani, kilomita 13 kutoka katikati ya jiji.

Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wakateremka mjini wakiwa wamevaa majoho. Walipinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa ambayo ingewafanya watumikie miaka miwili, sehemu kubwa kwa asilimia 40 ya mshahara. Bango moja lilisema enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Walifika Ikulu, pale Magogoni, ambapo meli zote za Dar zinapita zikiingia bandarini. Nyerere akawasikiliza, kisha akawafukuza chuo karibu 400. Papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata, na Februari 1967 likaja Azimio la Arusha.

Nilipokuwa mwanafunzi niliwahukumu vikali wale vijana wa 1966. Leo siwezi. Hoja yao kwamba wakubwa serikalini nao wajitazame haikuwa ya kipuuzi, na Mwalimu aliijibu kwa kukata mshahara wake. Lakini lile joho nalijua. Mimi nililivaa bila kulivaa, kila nilipopanda daladala alfajiri nikijikung'uta vumbi la vigae ili nisinuke kazi.

Na nimeendelea kulivaa. Mwaka 2023, nchi nzima ilipokuwa inabishana kuhusu mkataba wa bandari na DP World, nami niliandika. Nilipiga simu kwa wanasheria, wachumi, wabunge. Makala ikatoka, ikasomwa. Nimeirudia juzi: kuli hayumo. Mimi niliyelala na maumivu ya kuli mgongoni sikukumbuka kumuuliza anaionaje bandari.

Jumatano usiku nilikwenda Narung'ombe. Soko Kuu, lile la Beda Amuli la mwaka 1975 lililoungua Julai 2021, nililipita kwa nyuma. Makontena bado yanakuja. Nyapara ni kijana, ana simu mbili. Niliuliza habari za Babu. Mmoja tu ndiye aliyemkumbuka, akasema alirudi kwao Rufiji siku nyingi, hajui zaidi. Nilitaka kumwambia kwamba sura ya tatu ni yake. Nikaona kijana ananitazama viatu, nikanyamaza.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa kuwa jalada la bluu haliwezi kufunguliwa tena. Aya ya nne ya shukrani: namshukuru Babu wa Narung'ombe, na wote niliokaa nao chini usiku ule. Walinifundisha mgomo wa 1947. Makosa mengine yote ni yangu.