Wafanyakazi wa Udongoni

Ng'oa polepole mche wa maharagi unaotoa maua. Katika mizizi yake utaona vifundo vidogo kama vichwa vya pini. Wengine hudhani ni ugonjwa. Kumbe, ni nyumba za wafanyakazi!

Tangu kale wakulima walijua kwamba mimea ya namna hii hunenepesha shamba. Mroma Columella aliandika habari hiyo katika karne ya kwanza. Huku Afrika wazee walilima kunde. Maharagi yalitoka Amerika, yakaletwa na Wareno tangu karne ya 16. Lakini sababu haikujulikana. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walitangaza kwamba vifundo hivyo huupatia mmea azoti ya hewani. Mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akavitenga vijidudu vyenyewe.

Azoti ni chakula kikubwa cha mimea. Katika hewa imo karibu sehemu 78 kwa 100, lakini mmea peke yake hauwezi kuila. Ni kama mtu mwenye njaa mbele ya ghala lililofungwa. Vijidudu ndivyo vyenye ufunguo. Mmea huvipa sukari, navyo huulipa azoti.

Kwetu Butembo na Beni jambo hili si la vitabu tu. Watu ni wengi, na katika vilima mvua huteremsha udongo. Upande wa mashariki iko Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert. Zamani shamba likichoka, babu alihamia jingine. Mjukuu hana pa kuhamia. Hana budi kulilisha lile lile.

Tangu mwaka 2009 mradi wa N2Africa uliwafundisha wakulima wa Kivu kuzipaka mbegu za soya vijidudu hivyo kabla ya kupanda. Nawe waweza kuwapima wafanyakazi wako: pasua kifundo. Kikiwa chekundu-chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, kazi imelala.

Lakini angalia: sehemu kubwa ya azoti huingia katika punje, nazo tunazila. Tukiyang'oa maharagi na mizizi yake, kisha tukachoma majani na maganda nyumbani, shamba litabaki na nini? Basi, ndugu msomaji, kata shina, acha mizizi ardhini, na mabaki yote uyarudishe shambani. Wafanyakazi wale hawadai mshahara mwingine.