Waliomwombea Idi Amin: Njia ya Namirembe, Kabale na Rwanda

Kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, pembeni mwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, lipo kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwezi Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mtawala wa mahali alipouawa aliitwa Luba. Miaka ikapita, na mwana wa Hannington, Joseph, naye akaja Uganda kuhubiri. Akambatiza mwana wa Luba.

Februari 1977 kaburi jingine lilichimbwa kando ya hilo, likakaa wazi bila mwili. Kutoka kwenye makaburi hayo mawili nataka tuifuate njia ya Wakristo wa Uganda waliojaribu kutii neno gumu kuliko yote aliyoyasema Yesu mlimani: umpende adui yako, umwombee anayekutesa. Adui wao alikuwa na jeshi, na nyumba zao alizijua.

Njia hiyo ina chimbuko lake. Mwaka 1929, hapo hapo Namirembe, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza Joe Church, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Church alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Moto wa uamsho uliowaka Gahini miaka ya 1930 ulivuka hadi Kigezi, ukafika Kenya na Tanganyika, na walioguswa nao wakaitwa walokole. Alama yao haikuwa nyimbo tu. Mlokole alitubu mbele ya wenzake, akarudisha alichoiba, akamwendea aliyegombana naye wapatane. Huko Kenya, wakati wa Mau Mau, wengi wao walikataa kula kiapo na wakakataa pia kubeba bunduki za serikali. Wapo waliouawa kwa msimamo huo.

Katika shule hiyo ya toba alilelewa Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi aliyeokoka mwaka 1941. Muda mfupi baadaye alipanda baiskeli, akasafiri mwendo mrefu kwenda kumwomba radhi mzungu mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Watu wa Tanzania walimfahamu pia: alifundisha shule Dodoma kwa miaka mingi, na Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, Kivengere ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Mwishoni mwa mwaka 1972 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi, makao yake yakiwa Kabale.

Idi Amin alikuwa ameshatwaa madaraka tangu Januari 1971. Tarehe 10 Februari 1973 wananchi wa Kabale waliamriwa kukusanyika uwanjani washuhudie wanaume watatu wakipigwa risasi. Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza nao. Aliwakuta nyuso zao zimetulia. Walimwambia kwamba wameshampokea Kristo, wakamtuma akawapelekee wake zao habari hiyo. Kisha wakauawa mbele ya maelfu ya watu.

Hapa ndipo wasimulizi wengi hukosea. Huwaonyesha Wakristo hawa kama watu waliofumba macho wakasubiri mbinguni. Turudi Kampala, mwanzoni mwa Februari 1977. Usiku wa kuamkia tarehe 5, askari waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum wakidai kutafuta silaha. Siku chache baadaye maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua, wakalalamikia upekuzi huo na kumweleza waziwazi habari za mauaji na za watu waliokuwa wakichukuliwa wasirudi. Waliomtaja Amin katika sala ndio hao hao waliomtaja katika barua. Kwao, kumwombea mtu mema kulikwenda pamoja na kumwambia kwamba anatenda maovu.

Majibu yalikuja tarehe 16 Februari. Maaskofu waliitwa kwenye hoteli ya Nile Mansions, na mbele ya umati wa askari Luwum akatuhumiwa kula njama za kuipindua serikali. Askari walipiga kelele wakitaka auawe. Maaskofu waliruhusiwa kuondoka, Luwum alizuiwa. Serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Mwili wake haukuletwa Namirembe. Ulizikwa Mucwini, kijijini kwao, huku kaburi la Namirembe likibaki tupu. Jumapili ya tarehe 20 maelfu walijaa kanisani hata hivyo, wakaimba kulizunguka kaburi hilo.

Wakati huo Kivengere hakuwa tena Uganda. Askari walikuwa wakimtafuta, na waumini wa Kabale walimsihi aondoke: kufiwa na askofu mmoja kulitosha. Usiku yeye na mkewe Mera walipanda gari mpaka barabara ilipoishia, wakaendelea kwa miguu gizani, wakaivuka milima ya mpakani na kuingia Rwanda.

Miili ilikuwa imeokoka, lakini moyo wa Kivengere ulijaa chuki, na mwenyewe hakuificha. Aliandika kwamba ilikuwa Ijumaa Kuu, katika kanisa la All Souls jijini London, alipotafakari jinsi Yesu alivyowaombea msamaha waliomsulubisha, ndipo alipotambua kwamba asingeweza kumtoa Amin katika maombi hayo. Mwaka huo huo alitoa kitabu kidogo chenye jina lililowashtua wengi: *I Love Idi Amin*, yaani nampenda Idi Amin.

Msomaji wa Tanzania atauliza swali la haki. Amin aliondolewa na jeshi, Aprili 1979, baada ya vita vya Kagera. Je, sala zilifanya nini?

Jibu liko katika yaliyofuata. Mwaka 1980 askari wa serikali mpya waliingia West Nile, nyumbani kwa Amin, wakalipiza kisasi kwa raia wasio na hatia. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Bunduki ilimwondoa dikteta, ikashindwa kuondoa hamu ya kufanya kama yeye. Kivengere alikuwa amerudi Kabale, akihubiri upatanisho mpaka kifo chake mwaka 1988. Alikuwa na haki ya kuhubiri hivyo, maana vita dhidi ya chuki alivipigana kwanza ndani yake.

Kumwombea adui hakufuti kosa lake wala hakuzuii sheria imshike. Barua ya maaskofu inathibitisha. Sala hiyo humzuia aliyeumizwa asije akawa mtesi wa kesho, na hilo hakuna jeshi linaloweza kumfanyia mtu. Kila taifa lililotoka vitani linawahitaji watu wa namna hiyo kabla mshindi hajaanza kuhesabu deni lake.