Franz Xaver Gruber

Franz Xaver Gruber (25 Novemba 1787 – 7 Juni 1863) alikuwa mwalimu wa shule, mpiga kinanda wa kanisa na mtunzi wa muziki nchini Austria. Ndiye aliyetunga tuni ya wimbo wa Krismasi ambao waumini wa Afrika Mashariki huuimba kwa jina la Usiku Mtakatifu.

Alizaliwa Hochburg, katika familia ya wafumaji wa kitani. Baba yake alitaka naye awe mfumaji, lakini mwalimu wa kijiji, Andreas Peterlechner, akamfundisha muziki. Mwaka 1807 alipata ualimu Arnsdorf, kazi iliyokwenda pamoja na kutunza kanisa na kupiga kinanda. Tangu 1816 alipiga kinanda pia katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi, Oberndorf, mji wa wasafirisha chumvi kando ya mto Salzach.

Hapo alifahamiana na padri msaidizi Joseph Mohr. Tarehe 24 Desemba 1818 Mohr alimpa shairi aliloliandika mwaka 1816, akamwomba alitilie tuni ya waimbaji wawili, kwaya na gitaa. Gruber aliimaliza siku hiyohiyo, na usiku wakaiimba: Mohr sauti ya teno huku akipiga gitaa, Gruber besi. Kisa kwamba gitaa lilitumika kwa sababu panya walitafuna mvukuto wa kinanda kinasimuliwa sana, lakini hakimo katika maelezo ya Gruber mwenyewe. Uzuri wa tuni hiyo, yenye mwendo wa 6/8 kama bembelezo la mtoto, hauhitaji kisa hicho.

Fundi vinanda Karl Mauracher aliupeleka wimbo kwao Zillertal. Kutoka huko familia za waimbaji, akina Strasser na akina Rainer, zikaufikisha Ujerumani na Marekani. Jina la mtunzi halikusafiri nao, hata wengine wakadhani ni kazi ya Michael Haydn. Mwaka 1854, ulizo lilipotoka Berlin, Gruber aliandika kwa mkono wake jinsi wimbo ulivyozaliwa.

Wakati huo alikuwa Hallein, alikohudumu kama mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda tangu 1835 hadi kufa kwake. Alitunga pia misa na nyimbo nyingine za ibada, ambazo leo hazisikiki sana nje ya Austria. Alioa mara tatu. Kati ya watoto wake 12, wanne tu walifikia utu uzima.

Mwaka 1995 ulipatikana mwandiko wa Mohr wa wimbo huo, wa takriban 1820. Juu yake Mohr ameandika wazi kwamba tuni ni ya Gruber.