Mafuta ya Msandali na Jambia Lililopotelewa na Jina

Tarehe 25 Novemba 2025 ilitimia miaka 20 tangu UNESCO ilipoitangaza keris, jambia la jadi la Indonesia, kuwa turathi ya binadamu wote. Keris ikitajwa, sifa huenda kwa ubapa wake wa mawimbi na kwa empu, mhunzi aliyeufua. Kichupa cha mafuta ya kunukia kinachokaa kando yake hakitajwi. Lakini kama si kichupa hicho, kutu ingekwisha kuzila keris nyingi za Java, kisiwa cha joto na unyevu.

Ubapa wa keris hufuliwa kwa matabaka ya chuma, mengine yakiwa na nikeli. Ikulu ya Surakarta, huko Java, iliwahi hata kutumia madini ya kimondo kilichoanguka karibu na mahekalu ya Prambanan. Kila mwaka, katika mwezi wa Sura, ambao ndio Muharram katika kalenda aliyoipanga Sultan Agung mwaka 1633, familia na ikulu hutoa silaha zao za urithi na kuziosha. Shughuli hiyo huitwa jamasan. Ubapa hulowekwa katika maji ya nazi, husuguliwa kwa ndimu mpaka ung'ae mweupe, kisha hupakwa warangan, yaani aseniki iliyochanganywa na maji ya ndimu. Chuma huwa cheusi, nikeli hubaki ya fedha, na nakshi iitwayo pamor hujitokeza. Aseniki ni sumu, na asidi ya ndimu ikisalia huendelea kula chuma. Ndiyo maana ubapa huoshwa, hukaushwa vizuri, kisha hupakwa mafuta.

Mafuta gani? Wajava wamependa msandali wa visiwa vya Timor na Sumba, yasmini, waridi na kenanga. Hiyo kenanga si ngeni kwetu: ndiyo mlangilangi, mti uleule unaonukia katika bustani za Unguja na Ngazija. Lakini harufu peke yake haitoshi. Mafuta ya nazi huchacha na kugandamana. Manukato yenye spiriti hupeperuka na kuacha chuma uchi. Mafuta halisi ya msandali ni mazito na hayakauki upesi, ila ni ghali mno. Kwa hiyo wengi hudondosha matone machache ndani ya mafuta meupe ya madini, na mwenye kipato kidogo hutumia mafuta ya cherehani. Brashi hupita taratibu kutoka mpinini hadi nchani, kisha kitambaa hufuta mpaka ubaki utando mwembamba tu. Yakizidi, hunywewa na mbao za ala na kunasa vumbi.

Wapo Waislamu wa huko wanaoiona jamasan kuwa shirki, na wapo wanaoamini kuwa harufu humfurahisha mkazi asiyeonekana ndani ya chuma. Haryono Haryoguritno, mtaalamu wa keris, alikipa kitabu chake kikubwa jina lenye maana ya "baina ya mafumbo na akili". Nami naiona keris papo hapo, katikati ya hayo mawili. Mafuta huzuia kutu; huo ni ukweli wa maabara. Lakini pia humlazimu mrithi aichomoe silaha kila mwaka, aitazame na aliseme jina lake.

Ushahidi ni keris ya Mwanamfalme Diponegoro wa Java, aliyeongoza vita dhidi ya Waholanzi kuanzia 1825. Tarehe 28 Machi 1830 aliitwa Magelang kwa mazungumzo, akakamatwa papo hapo na kupelekwa uhamishoni, alikofia mwaka 1855. Keris yake, Kiai Naga Siluman, ilifika kwa Mfalme Willem I wa Uholanzi mwaka 1831. Mchoraji Mjava Raden Saleh, aliyekuwa akiishi Uholanzi, aliandika maelezo ya jina hilo. Ikahifadhiwa katika hazina ya kifalme ya vitu vya ajabu, na hazina ilipovunjwa ikahamia makumbusho ya mji wa Leiden, Uholanzi. Huko ikachanganyika na nyingine, hata hakuna aliyejua ni ipi. Utafiti wa miaka mingi ulihitajika ili ipatikane, na ilikabidhiwa kwa Indonesia Machi 2020. Ilipofika nyumbani, ugomvi ukazuka: wajuzi walidai umbo lake ni lile liitwalo Nagasasra, si Naga Siluman. Makumbusho yalishika nyaraka. Wajuzi walishika macho yao. Ingekuwa imebaki katika mikono ya wazao wa Diponegoro, ikipakwa mafuta kila Sura, nani angethubutu kuuliza jina lake?

Leo hatari ni nyingine. Vichupa vyenye jina la msandali vimejaa manukato ya viwandani, na mti wenyewe umo katika orodha ya shirika la uhifadhi IUCN ya mimea iliyo hatarini. Kiini chake chenye mafuta huhitaji miongo kadhaa kukomaa. Aliyekata jana hatavuna tena maishani mwake. Heshima ya UNESCO haipandi mti wala haifuti kutu. Serikali ya Indonesia ipande misandali Timor na Sumba kwa bidii ileile inayosherehekea keris. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna jambia la babu, lichomoe leo, lifute, lipake mafuta safi, na umwambie mwanao lilikuwa la nani.