Jiwe lililopita kwenye mgomba

Masaka yetu ya Kicukiro, hapa Kigali, wengi huichanganya na Masaka ya Uganda. Leo naomba tuvuke mpaka kweli, tuipite hata hiyo, mpaka Mbale, chini ya Mlima Elgon.

Ijumaa ya Agosti 14, 1992, saa 9:40 alasiri, anga la Mbale lilinguruma, kisha yakaanguka mawe. Kijana mmoja aligongwa kichwani na kijiwe cha gramu 3.6, ukubwa wa harage. Hakuumia, kwa kuwa kilianza kupiga majani ya mgomba, yakakipunguza kasi. Jiwe kubwa kuliko yote yaliyookotwa lilikuwa na kilo 27.4. Wapo walioyasaga wakala, wakiamini Mungu ameshusha dawa ya ukimwi. Siwalaumu. Miaka ile ugonjwa ulikuwa ukimaliza nyumba nzima, na mtu aliyekata tamaa hupokea chochote kinachotoka juu.

Lakini yalitoka wapi? Jibu lilianza kupatikana Januari 1, 1801, mjini Palermo, Italia, Giuseppe Piazzi alipoona nukta ya mwanga inayohama usiku hadi usiku. Akaiita Ceres. Wanaastronomia wa wakati huo walikuwa wakitafuta sayari katika nafasi pana iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii, wakadhani wameipata. Mwaka uliofuata ikaonekana ya pili, Pallas, kisha nyingine na nyingine. Haikuwa sayari. Ulikuwa mkanda wa mawe yaitwayo asteroidi, mabaki ya ujenzi ambao Mshtarii, kwa uzito wake, haukuuacha ukamilike. Ukiyakusanya yote pamoja, hayafikii hata Mwezi wetu.

Si yote yanayokaa humo. Eros, iliyogunduliwa mwaka 1898, huzunguka nje ya mkanda, ikisogea karibu na Dunia. Mwaka 1906 Max Wolf, huko Ujerumani, aliona Achilles, inayozunguka Jua katika njia ileile ya Mshtarii, ikiutangulia.

Kwangu mimi, aliyetufungulia mlango wa Mbale ni Mmarekani Daniel Kirkwood. Mwaka 1866 alionyesha kwamba ndani ya mkanda kuna mapengo: jiwe likipita hapo, Mshtarii hulivuta tena na tena kwa mpigo uleule, hata njia yake ikapinda. Mengine huishia kwetu. Ya Mbale ni ya aina ambayo wanasayansi wanaihusisha na asteroidi moja kubwa iliyovunjika miaka milioni 470 hivi iliyopita.

Jiwe la namna hiyo, likiwa jipya, lina ngozi nyembamba nyeusi kama masizi ya chungu, ndani ni la kijivu, na sumaku hulishika. Siku likianguka kwenye migomba ya Masaka, usilioshe wala usilivunje. Andika saa na mahali, lifunge kwenye karatasi safi, ulipeleke chuo kikuu.