Mkimbizi aliyewapa watoto kalamu ya kutungia muziki

Mwaka 1977, mjini Paris, kituo cha utafiti kilichoitwa CEMAMu kilimaliza kutengeneza chombo kisichofanana na chombo chochote cha muziki. Kilikuwa ubao mpana kama meza ya wachoraji wa ramani za nyumba, pamoja na kalamu iliyounganishwa kwa waya, na nyuma yake kompyuta. Hapakuwa na nyuzi wala vibonyezo vya piano. Mtu alichora mstari kwenye ubao, na kompyuta ikaugeuza ule mstari kuwa sauti. Chombo hicho kiliitwa UPIC. Aliyekibuni alitaka kitumiwe na watunzi wakubwa, na pia na watoto ambao hawajawahi kusoma hata noti moja ya muziki.

Jina lake Iannis Xenakis, na alikuwa mkimbizi.

Alizaliwa Brăila, nchini Rumania, katika familia ya Wagiriki. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, kisha akapelekwa Ugiriki kusoma shule ya bweni. Vita vya pili vya dunia vilipoingia alijiunga na wapiganaji waliopinga uvamizi wa Wajerumani. Wajerumani walipoondoka, Wagiriki walianza kupigana wao kwa wao, na jeshi la Waingereza likaegemea upande mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 1945, kombora lilimpasua uso jijini Athens na kumtoa jicho moja. Akapona, akamaliza masomo ya uhandisi, lakini waliokuwa upande wake wakaanza kuwindwa. Mwaka 1947 alitoroka na pasipoti ya uongo. Nyumbani akahukumiwa kifo bila yeye kuwepo. Hakukanyaga tena Ugiriki mpaka mwaka 1974, utawala wa kijeshi ulipoanguka.

Alipofika Paris alipata kazi ya kupiga hesabu za majengo katika ofisi ya msanifu Le Corbusier. Pamoja na kazi hiyo alitunga muziki na kutafuta mwalimu. Hapo ndipo pana jambo linalowahusu watoto ambao vita vimewakatia masomo katikati. Walimu walimwona amechelewa: karibu miaka 30, na hajui kanuni ambazo wenzake walijifunza tangu utoto. Mmoja tu alimjibu tofauti, naye ni mtunzi Olivier Messiaen. Alimwambia asirudi nyuma kuanza masomo yale. Anajua hesabu, anajua kuchora majengo, basi atunge kwa hayo anayoyajua.

Ndivyo alivyofanya. Kwa kazi yake iitwayo Metastaseis, iliyopigwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1955, hakuanza na noti. Alichukua karatasi yenye miraba midogo akachora mistari iliyonyooka, mingi, inayopishana. Kila mpiga fidla alipewa mstari wake, na sauti yake ikateleza polepole kutoka chini kwenda juu au kutoka juu kwenda chini, kama mstari ulivyoonyesha. Baadaye alitumia mistari ya namna hiyo kusanifu kuta za jumba la Philips kwenye maonyesho makubwa ya Bruseli ya mwaka 1958. (Ni yale maonyesho ambako Wakongo waliwekwa ndani ya uzio, katika kijiji cha kuigiza, ili Wazungu wapite kuwatazama. Wakongo hawajasahau. Historia ya muziki wa mashine ina ukurasa huo pia, ingawa vitabu vingi vya muziki vinauruka.)

UPIC ilikuwa karatasi ile ile ya miraba, safari hii ikiwa na uwezo wa kusikika. Namna ya kuitumia haimshindi mtoto wa miaka sita. Ubao unasomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na huo ndio muda. Juu ni sauti nyembamba, chini ni sauti nzito. Mstari uliolala ni sauti moja inayoendelea, unaopanda ni sauti inayopanda, na unaopanda kwa ghafula hulia kama king'ora. Hata rangi ya sauti, iwe laini au ya kukwaruza, mtoto aliichora mwenyewe kwa kalamu ile ile.

Lakini kuchora hakukuwa somo lote, na hapa wengi wanaosifu mashine hupotea. Mtoto akichora nyumba, macho yanaona nyumba. Masikio yanasikia kitu kingine kabisa. Ukuta uliosimama wima unakuwa sauti nyingi zinazopigwa kwa pamoja mara moja, kama kishindo, kisha kimya. Paa linakuwa sauti inayopanda na kushuka. Sakafu ni mlio mmoja mrefu unaochosha. Mtoto anashangaa, anasikiliza tena, anafuta ukuta, anavuta paa liwe refu. Kutunga kumeanzia hapo alipofuta. Mwalimu wa kweli hasemi kwamba kila mchoro ni mzuri. Anauliza: ulitaka isikike hivi?

Chombo kilikuwa na udhaifu wake. Kilikuwa kikubwa na cha bei kali, na wachache tu walikifikia. Mwanzoni hata hakikutoa sauti papo hapo: mtu alichora, kisha akasubiri kompyuta imalize hesabu zake. Karibu miaka kumi ilipita kabla mkono na sikio kwenda pamoja.

Mwaka 1997 kampuni ya Ubelgiji iitwayo Image-Line ilitoa programu ndogo ya ngoma, FruityLoops, ambayo leo inaitwa FL Studio. Vijana wa studio za Goma, Bukavu na Bunia wanaijua vizuri. Haikutokana na UPIC, lakini ukurasa wake wa kutungia sauti unasomwa vile vile: muda kwenda kulia, sauti kupanda juu, na noti ni vijiti vinavyochorwa ndani ya miraba. Kijana anayetengeneza biti hajui kusoma noti za Kizungu, na hakuna anayemuuliza. Ila programu hiyo huja na ngoma tayari na midundo tayari. Mtoto akipewa hivyo kwanza, atajifunza kupanga vya wengine kabla ya kutafuta chake. Afadhali aanze na ukurasa mtupu.

Xenakis alifariki Paris mwaka 2001. Kituo chenye jina lake huko Ufaransa kimeendeleza wazo lake kwa programu ya UPISketch, ambamo mtoto anachora kwa kidole kwenye kioo.

Kwa familia ambazo simu yao ni moja, na chaji yake inalindwa kwa ajili ya habari za ndugu walioachwa kijijini, kuna njia iliyotangulia mashine zote hizo. Ni daftari la hesabu la miraba, lile ambalo watoto wengi wa shule wamekwisha kulishika. Linageuzwa kwa ubavu. Kila mtoto anachora mstari mmoja wa rangi yake kutoka kushoto hadi kulia, na palipokatika ni kimya. Kiongozi wa kwaya anapitisha kidole juu ya karatasi, taratibu, na kila mmoja anaimba mstari wake kwa sauti ya "a". Mara ya kwanza ni makelele na vicheko. Kisha mmoja anasema mstari wake umeanza mapema mno, anaomba kalamu, na wenzake wananyamaza wasikie atakachobadilisha.